Barua Iliyonishusha Angani

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua kampuni mbili kabla ya mvua. Zote zimepita. Kazi hii ya ukaguzi wa chama cha kampuni za ndege ni ya makaratasi, na mimi ni rubani. Lakini tangu shirika kubwa lilete ndege zake hapa Arusha, mawakala wa watalii hawagusi kampuni ndogo isiyo na cheti cha usalama cha chama chetu. Ripoti ya cheti naiandika mimi.
Orodha ya wiki imetoka. Ijumaa ni zamu ya Lazaro.
Nimecheka peke yangu ofisini.

Jumanne, 4 Machi
Sijasahau hata neno. Miaka sita iliyopita nilikuwa rubani wa Lazaro. Nikakataa kurusha ndege yake kwenda Serengeti kwa sababu mzigo ulizidi. Akanifukuza palepale, mbele ya abiria. Haikumtosha. Alikuwa mwenyekiti wa chama wakati huo, akawaandikia wanachama wote barua: Aneth ni mkaidi na mwoga, asiajiriwe. Wakatii. Miaka mitatu nililima nyanya Kikwe na kuuza sokoni Kwa Mrombo, ndege zikipita juu ya kichwa changu. Kila moja niliijua kwa mlio. Kisha mwenyekiti mpya akanipa ukaguzi; urubani hakuna aliyenipa.
Nataka aumie. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika kwake. Ni wa umri wa baba yangu, lakini shikamoo yangu hakuipata. Akaanza yeye.
"Aneth, mwanangu, ya zamani tuyaache."
"Mizani iko wapi, mzee?"
Nimepima kila kitu. Nimesoma fomu za uzito za mwaka mzima. Nimewahoji marubani wake mmoja mmoja, mlango umefungwa. Mzigo ukizidi, unashushwa. Hakuna kosa. Hakuna hata moja!
Nimerudi nyumbani na hasira yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimeandika ripoti ya uongo. Kwamba nusu ya fomu hazikuwepo. Nimeisoma mara mbili. Tamu. Nani angebisha?
Nimeichana. Si huruma. Kudanganya kuhusu uzito ndicho alichotaka nifanye siku ile.
Nimeandika ya kweli: amepita. Halafu nikamwandikia katibu. Barua ile ni ya chama, na chama hakijawahi kuifuta. Naomba mkutano wa Alhamisi uifute. Isomwe kwanza, kwa sauti. Na aisome aliyeiandika.

Alhamisi, 13 Machi
Ukumbi ulijaa. Katibu akamkabidhi Lazaro karatasi.
"Lazima niisome mimi?"
Mwenyekiti wa sasa ni mama asiye na maneno mengi. "Mzee, ulitumia muhuri wa chama. Soma."
Akasimama. Kwenye neno "mwoga" sauti ikamkatika, akarudia. Nilimkazia macho mpaka nukta ya mwisho. Wale waliotii barua ile, wote walikuwa wanaangalia meza. Nimewaona, mmoja mmoja.
Wamepiga kura. Imefutwa. Lazaro ametoka bila kumuaga mtu.
Nimefurahi. Sitajifanya sikufurahi.

Jumapili, 16 Machi
Ibada ya kwanza, kisha kwa mama. Mlima umefunikwa na mawingu tangu asubuhi.
Lazaro amepiga simu. Ana ndege mpya, anataka rubani anayeweza kumwambia hapana. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akakata.
Mama akauliza ni nani.
"Mtu wa kazini."
Tukaendelea kumenya ndizi.