Miguu Sita na Karatasi Moja

Bunia, tarehe 3 mwezi wa tano 2025

Papa wangu Tharcisse,

Jambo mingi. Uko namna gani na ile goti? Mama bado anakukatalia kubeba vyuma? Siye huku tuko muzima, ni vumbi tu ndiyo inatusumbua.

Papa, mashini inatembea. Jana imevuka uwanja yote ya masomo na miguu yake sita, mbuzi za jirani zikakimbia. Batu banafikiri iko na akili ndani. Akili gani? Ni motere moja ya kupangusa vioo vya gari. Motere inazungusha manivele, ile mukono ya chuma yenye kuzunguka; manivele inasukuma fero, chuma ndefu ya muguu, lakini fero ya pili, ile nilifunga kwa shasi, mwili ya mashini, inaikataza kuzunguka bure. Basi muguu inakanyaga, inasukuma nyuma, inajiinua, inarudi mbele, inakanyaga tena. Miguu tatu zikiwa chini, tatu ziko hewani. Fero zote nilipima na kamba ya mafundo uliyonikatia kwa kipimo ya ile yako.

Ekspo, maonyesho ya mashini, inafunguliwa tarehe 19. Mwenye jina yake iko kwa mashini itakayoshinda atapelekwa Kisangani kusoma ufundi. Ile nafasi naitaka kuliko chakula. Uniombee.

Mutoto wako,
Alliance

Kasenyi, tarehe 8 mwezi wa tano

Mutoto wangu Alliance,

Salamu kutoka huku kwa ziwa. Goti inauma wakati wa mvua tu. Mama yako amekuwekea makayabo, samaki ya chumvi.

Barua yako nimesoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya batu ya atelie yangu ya vyuma. Na juzi Prof wako, Eugène, alishuka mpaka hapa. Mwalimu wa mutoto wangu, kwangu mwenyewe! Tukamupikia samaki munene. Alileta karatasi ya Kifaransa, akasema ni ruhusa ya muzazi ili uingie ku ekspo. Lineti zangu za kusomea zilikuwa zimebaki atelie, lakini nani ataanza kumuchunguza mugeni akiwa mezani? Nilitia saini, ile nzuri yenye mukia.

Papa yako

Bunia, tarehe 20 mwezi wa tano

Papa,

Jambo. Goti yako sitauliza leo.

Ile karatasi inasema mashini ilitengenezwa na Prof Eugène, na mimi nilikuwa nafagia atelie. Inasema muzazi wangu anakubali. Chini kuko saini yako na mukia yake. Alinionyesha akitabasamu.

Sikiliza tena. Ili mashini iingie mu gari, alifungua miguu yote. Wakati ya kurudisha, akaelekeza manivele zote sita upande moja, eti zipangike vizuri kama askari. Jana, mbele ya wageni, akawasha. Miguu zote zikajiinua pamoja. Mashini ikaanguka na tumbo, ikajiinua, ikaanguka tena. Batu balicheka mpaka machozi. Akaniita niitengeneze. Kle ya dix, ya kufungulia bulon, ilikuwa mu mufuko yangu, na ni kugeuza manivele tatu tu, bulon tatu. Nikamwambia aandike jina yangu kwanza. Akajibu, "Karatasi ni karatasi." Nikaenda zangu. Mashini iko inalala pale mpaka sasa kama ng'ombe mugonjwa.

Namuchukia, Papa. Lakini weye ndiye umeniumiza zaidi. Si weye ulikuwa unanipiga vidole kila mara nakaza bulon bila kuiangalia kwanza? "Angalia, ndipo ukaze." Vidole vyangu vinakumbuka. Mbona mukono yako haikukumbuka?

Ekspo inafungwa tarehe 24.

Alliance

Kasenyi, tarehe 21 mwezi wa tano

Alliance mutoto wangu,

Hukuuliza goti, na sina haki ya kudai.

Barua yako nimesoma na lineti. Umesema kweli tupu. Mutu amekula samaki yangu, amenawa mikono, halafu akanipa kalamu nimuibie mutoto wangu. Hasira imenifanya nifunge atelie mbele ya saa. Nusu ya hasira ni juu ya Eugène. Nusu ingine ni juu yangu mwenyewe.

Na weye pia nakukasirikia, kidogo. Mashini haikukukosea. Fundi haachi kazi yake chini batu baicheke.

Kesho ninapanda na gari ya samaki ya Adrien. Nakuja na kamba yangu. Nitaiweka juu ya kila fero mbele ya batu, fundo kwa fundo, bote baone kipimo ni moja, halafu nitamuomba Eugène atoe kamba ya kwake aliyopimia. Atueleze pia sababu gani manivele tatu ziangalie mbele na tatu nyuma. Akishindwa, utatoa kle na kueleza weye. Juu ya ile saini, nitasema kwa kinywa yangu kwamba ni ya mujinga. Bacheke.

Papa yako

Kisangani, tarehe 6 mwezi wa kumi

Papa wangu,

Jambo mingi. Goti inaendelea namna gani? Mama je? Huku joto inatumaliza, lakini niko muzima. Benzangu balinicheka sababu napima fero na kamba. Nikabaambia balete metre yao bahakikishe. Tangu siku ile habacheki tena.

Kuna siku bado nakukasirikia. Nikikumbuka namna ulisimama katikati ya batu ku ekspo, kofia mukononi, ukasema ulitia saini bila kusoma, mpaka bakaandika jina yangu kwa mashini, hasira inapungua. Haijaisha.

Mu bahasha kuko karatasi. Huku masomoni banaomba saini ya muzazi. Iko ya Kifaransa, kwa hiyo chini ya kila mustari nimeandika Kiswahili. Vaa lineti. Soma yote. Neno usipoelewa, acha, uniulize. Ndipo utie saini, na mukia yake.

Mutoto wako,
Alliance