Kasri la Mapaa Mawili

Jumanne, 4 Novemba

Maya amenipigia nikiwa jikoni shuleni, mikono imejaa unga. Ati mama, omba ruhusa wiki ijayo, tunakupeleka slott. Slott! Yaani kasri! La enzi za wafalme, huko mashambani kupita Märsta, siku hizi ni hoteli ya watu wenye pesa zao. Zawadi yangu ya kutimiza sitini. Nimeangusha kifuniko cha sufuria, watoto wakapiga makofi.

"Tunakupeleka" ni yeye na mumewe, Anton. Hapo furaha ikapungua kidogo. Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja. Si chuki, ni heshima. Nilimweleza Anton siku ya kwanza kabisa, na Mswidi huyo akashika somo kuliko vijana wa nyumbani. Akitaka kunipa sahani anaiweka mezani, anaondoka, ndipo naichukua. Tukikutana dukani anahamia upande wa maziwa.

Na ndiyo maana nimekataa kulala kwao Maya atakapojifungua Januari. Wametenga chumba na wamepaka rangi. Nimesema nitakuja asubuhi na kurudi kwangu Hagsätra jioni. Maya ameniomba na kuniomba. Siku hizi haombi tena, ananyamaza tu, na hicho kimya chake kinaniuma.

Lakini kasri! Nivae nini?

Jumatano, 12 Novemba

Nimemaliza kufunga sanduku. Nguo za chakula cha jioni, mbili. Kitenge cha kujifunga. Chupa ya pilipili, kwa sababu wafalme hawa hawajui pilipili.

Nimempigia rafiki yangu Robinah wa Hallonbergen, maana Baganda nao wana mambo ya wakwe. Akasema kwao ukigusana na mkwe mikono inatetemeka mpaka uzeeni. Nikamuuliza, na kulala paa moja? Akacheka. Dorothy, kasri lina vyumba mia, wewe utalala paa moja na Waswidi wote wa Stockholm.  Sijapata usingizi wa maana, lakini hiyo ni furaha.

Alhamisi, 13 Novemba

Niko ndani!!

Mungu wangu. Miti imepangwa mistari pande zote za njia, halafu jumba jeupe, halafu ziwa. Mlangoni kijana wa mapokezi, Liam kwa beji, akanipokea sanduku na kuniita fru, yaani bibi. Kuna ngazi mbili za mawe zinazopanda mahali pamoja. Mbili za nini? Nimepanda ya kulia, nikashuka, nikapanda ya kushoto. Maya akasema mamma, sluta. Sikuacha.

Halafu nimefanya ujanja wa maisha yangu. Wakati Liam anatafuta funguo nikaona dirishani nyumba ndogo pembeni, imetengana na kasri kwa uwanja wa changarawe. Ile ni nini? Akasema ni flygel, jengo la pembeni, zamani walikaa wageni wa bwana wa kasri. Nikamuuliza, ina paa lake? Akanitazama. Ndiyo, fru, ina paa lake. Haliungani na hili? Hapana. Basi nipe chumba kule!

Akanipa. Paa lao, paa langu. Mila imetulia na mimi nimelala kasri. Nilitaka kucheza pale pale kwenye zulia. Anton alikuwa nyuma ya nguzo, kama kawaida yake. Maya hakucheka. Alichukua ufunguo wao akapanda ngazi polepole, mkono mgongoni.

Chumba: kitanda cha kupanda kwa kistuli. Beseni la kuogea lina miguu ya simba. Joho jeupe la taulo, zito kuliko koti langu la baridi. Juu ya kitanda kuna picha ya mama mmoja wa zamani, midomo myembamba, ananitazama kama mkaguzi wa jikoni. Nimemfunika na kitenge.

Jioni tulikula, mimi meza yangu na wao yao, ukumbi wa pili. Nyama ya paa wa msituni, vijiko vinne, chakula cha kijiko kimoja. Nikatoa pilipili. Mhudumu akaomba aonje. Akalia machozi, akarudi na mpishi, na mpishi akaonja pia. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Ijumaa, 14 Novemba

Kifungua kinywa Maya alikuja mezani kwangu peke yake. Mayai, samaki wa aina zote, mkate wa moto. Nikawa naongea tu, naongea, beseni, simba, mpishi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa Kiswidi, taratibu: Nyumba yetu haina flygel, mamma.

Nikameza samaki bila kutafuna.

Kumbe hii yote ilikuwa mtego. Walichagua kasri ili nilale chini ya paa moja na Anton, niamke salama, nione dunia haijapasuka. Halafu Januari niende kwao. Na mimi nikampa Liam kazi ya kunitafutia paa lingine, huku nimejaa furaha.

Nimekasirika. Mtoto kunitega mimi! Halafu hasira ikaisha, maana samaki alikuwa mtamu na uso wake ulikuwa wa huzuni.

Mchana nikaenda kwenye bwawa la moto. Liko nje kabisa, mvuke unapanda, baridi inauma masikio, mwili uko kwenye supu. Raha hii nilikuwa sijui kama ipo. Nikapiga na kigelegele kidogo, mama mmoja wa Kiswidi akatabasamu akasogea mbali. Nimefumba macho. Kufumbua, nani anashuka ngazi za bwawa na kaptula ya maua?

Mkwe!

Nikazama. Nikatoka kwa sababu ya pumzi. Naye alikuwa ameniona, masikini, amegeuka, anatazama ziwa, shingo nyekundu. Akasema, akiliambia ziwa: Samahani, mama, natoka. Nikamwambia, nami nikiitazama misonobari, hapana, utapata baridi, kaa hapo hapo. Tukakaa. Yeye mwisho ule, mimi mwisho huu, tumepeana migongo.

Baadaye akaongea. Mama, nimefikiri. Januari nitahamia kwa kaka yangu, wiki mbili, tatu, unavyotaka. Nyumba itakuwa yenu. Mimi nitakuja kumwona mtoto wewe ukiwa umeenda matembezini.

Aliongea bila uchungu wowote. Yaani mtu aache nyumba yake, na mtoto wake mchanga ndani, ili mimi nilale vizuri! Na angefanya, huyu.  Nikasema tu maji yana joto zuri. Akasema ndiyo, mama.

Nimempigia Robinah kutoka chumba cha kubadilishia nguo. Robinah, maji yale yale! Yamenigusa mimi, yamemgusa yeye! Akasema yana klorini, Dorothy, yanaua kila kitu, hata mila. Nikacheka. Kisha nikalia kidogo ndani ya joho.

Maya nilimzaa peke yangu. Mume wangu Gregory, Mungu amrehemu, alikuwa zamu ya uwanja wa ndege, mama yangu alikuwa Bungoma. Nesi mmoja alinishika mkono, na jina lake silijui mpaka leo. Nilimwita mama yangu usiku kucha na hakuna aliyeelewa neno lile nililokuwa nikilia.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika chumbani kwa Maya. Ndiyo, kwao, kasri lenyewe.

Asubuhi mlango wangu uligongwa. Kufungua, mgongo wa Anton. Akauambia mti: Maya ana maumivu, anakuita. Anakuita kwa Kiswahili.

Maya! Tangu chekechea hanijibu ila Kiswidi!

Nikavuka uwanja na joho na ndara za hoteli, mvua inanyesha. Kwenye ngazi maharusi walikuwa wanapigwa picha na nimepita katikati yao. Wanisamehe. Albamu yao itakuwa na mimi milele.

Alikuwa amejikunja kitandani. Nimemkanda kiuno, nimemwimbia, amenishika kidole kama alivyokuwa mdogo. Mkunga kwenye simu amesema si uchungu wenyewe, mwili unajaribu tu, apumzike mpaka kesho, asisafiri. Maumivu yameshuka. Sasa amelala, anakoroma kama baba yake. Nina furaha ya kijinga, natamani kukimbia ngazi zote mbili.

Ila Liam amekuja, na habari zake: flygel yote ni ya wageni wa harusi kuanzia saa sita. Kasri limejaa. Chumba hiki tu kinabaki, na wanaweza kuongeza kitanda kimoja, au viwili vidogo. Anasubiri jibu. Anton akasema haraka, kutoka koridoni, kimoja kinatosha, yeye atalala garini.

Novemba! Garini!

Ameketi sakafuni nje ya mlango tangu asubuhi. Haingii kwa sababu mimi nimo. Hajala. Wameleta supu ya watu watatu, mkate, siagi, na harufu imejaa chumba.

Nimefungua mlango kidogo. Nimemwambia, ingia ule.

Amekataa! Ati hapana, mama, asante, ni heshima. Ameinua na kiganja, kajifunika macho upande wangu. Vile vile nilivyomfundisha.

Nimemwambia tena. Hapana, mama.

Liam yuko kwenye ngazi, anatutazama kwa zamu, kalamu mkononi. Nimemwambia viwili. Anton amesema kimoja. Nimesema viwili, na uandike mimi ndiye mkubwa hapa. Sasa nimeketi chini, upande wangu wa mlango, daftari magotini, mlango wazi. Nimesukuma bakuli lake mpaka kizingitini. Supu inapoa. Mwanangu, nimemwambia, anayekuambia uingie ni yule yule aliyekuambia usiingie, sasa unamsikiliza yupi?

 Namsikia anafikiria.