Paswedi ya Mama Pacha

Mwenzangu, sikia ya leo ofisini. Hata chai imenishinda.

Mama Pacha, yule mtaalamu wetu wa data, amerudi kazini leo baada ya wiki mbili za kuuguza wanawe pacha, ambao bado wananyonya. Akakuta programu ya kuchakata majibu ya maabara imegoma, akafungua faili ya mipangilio atafute kosa.

Paswedi ya kufungulia majibu hayo imeandikwa humo peupe! Na yeye ndiye aliyetuimbia mwaka mzima kwamba faili ibebe jina la kigezo tu, yaani la kuielekeza programu paswedi ilipo, na paswedi yenyewe ifichwe ndani ya seva, ile kompyuta kuu.

Na unajua ni neno gani?

"ananukamaziwa"

ANANUKA MAZIWA!!

Akaisoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti, chumba kizima kikasikia. "Huyu ni nani?"

Bosi akacheka. Akacheka, mwenzangu! "Utani tu, mama. Si ulikuwa unajikamua maziwa ya wanao mle stoo? Tulitaka neno lisilosahaulika."

Tulitaka!

Hakulia. Alibadilisha paswedi, akaificha kwenye seva, kwenye faili akaacha jina la kigezo tu.

Bosi akauliza, "Mpya ni ipi?"

"Programu inaijua. Inatosha."

Kisha akachapisha ile faili ya zamani, akapanda nayo kwa mkurugenzi.

Alipita mezani kwangu bila kunitazama, na sina la kumlaumu. Wiki mbili nimeiona hiyo paswedi kwenye faili kila asubuhi, nikijua fika inamsema nani, na siku ya kwanza nilicheka.