Siku Saba Bila Jua

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Tahiya kawekwa ndani leo, mpaka harusi yake na Munir Jumapili. Somo wake anayemfunda, Bi Nasima, kafunga madirisha yote — ati bibi harusi akipigwa na jua, singo ya kumsugua mwili haing'ai. Nikamwambia mjukuu wangu ana MS, neva zake mbovu, na zile dawa kali alizochomwa miaka yote zimemla mifupa. Daktari kataka jua la asubuhi, vidonge, na atembee. Bi Nasima kanijibu mifupa haionekani, unaoonekana ni uso.

Binti yangu Badria kacheka. Mtoto wake mwenyewe! Tahiya anataka jambo moja tu, aingie ukumbini kwa miguu yake. Na mie nikanyamaza. Mjinga mie.

Jumatano, 4 Septemba
Dagaa wangu wametupwa. Nliwanunua mwenyewe sokoni Darajani, Tahiya awale na mifupa yao. Ati bibi harusi atanuka. Haya, maziwa? Wamempaka usoni.

Alhamisi, 5 Septemba
Kaanguka. Sakafu imejaa singo na mafuta, na mguu wake wa kushoto anauburura tangu zamani. Fimbo ya Tahiya ya kutembelea, Badria kaificha uvunguni, wageni wasiione.

Tukamfunika buibui mpaka hospitali. Picha imepigwa — nyonga haikuvunjika, alhamdulillahi. Daktari kasema asilazwe, atembee polepole na fimbo yake. Kauliza, huyu jua kaliona lini mara ya mwisho? Nikajibu, "Jumapili iliyopita. Na mie mwenye mdomo nlikuwepo."

Ijumaa, 6 Septemba
Nshamwambia Bi Nasima, kesho namtoa juani.
"Atakuwa mweusi, Bi Riyama."
"Munir kamposa mweusi."
Badria kalia, ati namtia aibu kwa wakwe. Alie.

Jumamosi, 7 Septemba
Saa mbili asubuhi, tuko juu ya paa. Mlango nimeutia komeo. Tahiya kavaa kanga tu, mikono wazi, anakwenda na fimbo mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Joto likizidi litamlegeza, namharakisha.
"Bibi, miguu inatetemeka."
"Itetemeke huku inakwenda."

Badria anagonga. Yule mpaka hina wa kumchora kashafika, anasubiri.

Tahiya kasimama, kaitazama fimbo. Kisha kamwambia mama yake kupitia mlangoni, "Mwambie na fimbo ataipaka hina. Naingia nayo ukumbini."

Kugonga kumekoma. Badria hajashuka — vidole vyake vya miguu naviona chini ya mlango.