Nota za Baba, Mwandiko wa Peninah

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi Harborne, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wawili wamekataa chai, mmoja kanitemea uji. Nimerudi nyumbani Sparkbrook miguu inawaka moto. Fundi wa mwenye nyumba alikuwa ameshapita. Ukuta wa chumba cha Baba umeoza kwa unyevu, plasta itabomolewa Jumatatu ijayo. Anataka chumba kitupu.

Tangu tumpeleke Baba nyumbani kuzikwa, Novemba, sijatoa hata soksi. Nguo ni rahisi. Kazi ni nota. Masanduku sita, miaka arobaini ya ualimu wa kwaya. Alipokuja kuishi nami huku Uingereza alibeba hizo akaacha koti. Koti akavaa langu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeinua sanduku la chini, kitako kikabaki sakafuni. Kuvu. Karatasi zimegandana kama chapati zilizolala. Nimelia, na kilio chenyewe ni cha hasira. Mwaka jana aliniambia ukuta unatoa maji. Nikasema nitampigia mwenye nyumba. Sikupiga.

Neema, binti yangu, kasimama mlangoni. Ana miaka kumi na sita, Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza. Kasema tuzipige picha halafu tuzitupe. Nikamfokea. Kosa lake nini? Solfa, nota za do-re-mi, hajui. Hata mimi nasoma alto tu, sauti ya pili ya wanawake.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka Ezra kapiga simu kutoka Voi. Kanisa letu linataka kuchapa kitabu cha nyimbo za Baba, jina lake kwenye jalada. Masanduku yote yaende. Nimeshusha pumzi. Mtu mwingine kaamua.

Nimetandaza karatasi ngazini, kitandani, juu ya redieta ya kupashia nyumba joto. Nyumba nzima inanuka kama kanisa lililofungwa. Neema anaruka ngazi mbili mbili asizikanyage. Hajalalamika.

Ijumaa, 7 Machi

"Taa Yangu Haijazimika." Wimbo mkubwa wa Baba. Kwetu hakuna harusi wala msiba ambapo hauimbwi. Tuliuimba kaburini kwake.

Leo nimeukuta kwa mwandiko usio wake. Herufi za duara, wino wa kijani. Sauti zote nne. Maneno yamekatwa, yameandikwa upya, yamekatwa tena. Hii si kazi ya mtu anayenakili. Juu kuna jina: Peninah. Ndani ya kunjo, kikaratasi: "Mwalimu, nimeumaliza. Ukifaa, kwaya iujaribu. Mimi siruhusiwi kuja."

Chini yake nakala ya Baba. Safi. Jina lake juu, peke yake.

Sijapika.

Jumamosi, 8 Machi

Namkumbuka Peninah. Nilikuwa na miaka tisa. Alisimama mstari wa pili kwaya, sauti nzito, akicheka meno yote nje. Akapata mimba bila mume, wazee wa kanisa wakamtenga. Akawa anakaa benchi la mwisho kabisa, mdomo umefungwa. Baba alikuwa mwalimu wake. Hakusema neno.

Nimempigia Ezra. Kanisikiliza hadi mwisho, halafu: "Ichome."

"Kaka?"

"Hiyo karatasi moja tu. Baba hawezi kujitetea, Dada. Unataka kumzika mara ya pili?"

"Na Peninah?"

"Peninah hajawahi kulalamika."

Nimekata simu. Nimemchukia Ezra siku nzima. Baba pia. Huyu Baba aliyeamka kunichemshia chai kila nilipokuwa na zamu ya alfajiri. Sijui nimweke wapi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Tumehamisha masanduku sebuleni, hakuna pa kukaa.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Baada ya chakula cha mchana niliwasha jiko nikashika ile karatasi. Nilitaka iishe. Nilitaka kumpata Baba wangu kama alivyokuwa Alhamisi.

"Mama, unafanya nini?" Neema. Kwa Kiswahili. Nikazima jiko. Nikamweleza yote, hata aibu yangu. Kauliza jambo moja, kwa Kiingereza tena: huyo mama yu hai?

Siku mbili nimehangaika na jina la marehemu. Sikuwahi kujiuliza.

Jumatano, 12 Machi

Yu hai. Binamu yangu kanipa namba. Nimepiga kutoka chumba cha kupumzikia kazini.

"Mama Peninah, shikamoo. Ni binti wa Mwalimu wa kwaya. Napiga kutoka Uingereza."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Nilikuja mazishini. Nilisimama nyuma."

Nikamwambia nimeona karatasi ya wino wa kijani.

"Kumbe aliitunza," akasema.

"Alikuomba ruhusa?"

"Alisema wakiona jina langu hawataimba. Akasema aweke lake kwanza, langu baadaye. Nikakubali, nilitaka uimbwe. Basi nikawa nangoja hiyo baadaye. Nikarudishwa ushirika, nikaolewa, nikazeeka. Kila Krismasi, hadi alipohamia kwako, nilimwamkia, naye akaniuliza habari za watoto."

"Nikufanyie nini, Mama?"

"Mimi sikukupigia, mwanangu. Wewe ndiye umepiga. Unajua mwenyewe ulichotaka kufanya ulipopiga."

Nimeosha uso, nikarudi kwa wazee wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua. Masanduku yanaenda kanisani, ni ya kwaya. Karatasi ya kijani inaenda kwa mwenyewe. Nakala yake itaongozana na barua yangu kwa mchungaji: wimbo huu ni wa Peninah, baba yangu alijua, nami nasaini.

Nakala nimetoa Stratford Road, kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la fotokopi, mzaliwa wa Kisumu. Kazishika kwa ncha za vidole. "Hizi za mzee wako, mama? Pole sana." Kafuta kioo cha mashine kabla ya kila karatasi. Kutoka hapo hadi Hockley kwa wakala wa mizigo, Neema kabeba upande mzito. Ile ya kijani kaichukua Grace, mwenzangu wa kazini, anayesafiri kwenda kwetu Jumanne. Ataifikisha mkononi.

Nikamwandikia Ezra. Kasoma. Hajajibu.

Jumatatu, 24 Machi

Ezra: "Umefurahi sasa?" Maneno mawili na kiulizo. Hapana, sijafurahi. Nina baba mmoja, nimemtoa mbele ya watu akiwa hana mdomo. Ningefanya tena. Yote mawili ni kweli na yananiuma mahali pamoja.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua nyepesi. Chumba kimepakwa rangi, Neema kahamishia meza yake ya kusomea. Mchungaji kaandika: kamati imepokea barua, itaijadili. Ezra kimya.

Mchana kapiga Mama Peninah. Karatasi imefika. Kasema macho yake hayaoni vizuri, mjukuu alimsomea. Halafu, hapo hapo:

"Mwanangu, baba yako alibadilisha alto mstari wa tatu. Mimi niliipandisha hadi la, yeye akaiacha pale pale kwenye so. Miaka yote hii mnaimba vibaya."

Tukacheka, yeye zaidi.

Nimetoa nakala niliyojiwekea. Nimekata so, nimeandika la kwa penseli. Nikaujaribu mstari polepole, jikoni, mara tatu. Ni kweli asemavyo. Unapanda vizuri zaidi.