Magari Matatu kwa Ajili ya Mama

Calumet, Michigan
Juni 9

Kwa mdogo wangu mpenzi Reino,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe na Solveig mu wazima, na kwamba pilikapilika za harusi hazijawakosesha usingizi. Sisi hatujambo. Theluji imekwisha, imetuachia mashimo barabarani kama kawaida yake.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba Mama hataweza kuja Duluth, kwa sababu tangu alipopasuliwa nyonga hastahimili mtikisiko wa gari. Jumatatu akaja Urho fundi, akasema tatizo si nyonga, ni springi, na kwamba tutajaribu magari matatu. Mama akakaa mbele na bakuli la supu ya samaki mapajani, la kupimia mtikisiko. Urho akasisitiza niendeshe mimi.

Tulianza na pikapu ya marehemu Baba, yenye springi za vyuma bapa vilivyolaliana. Urho alikuwa ametuambia kuwa zile ni za kubeba magogo, bila mzigo hurusha. Hatujafika kanisani, nusu ya supu ilikuwa kwenye dashibodi. Mama akasema Baba alimposa ndani ya gari la namna hiyo, akakubali upesi ili ashuke.

La pili lilikuwa gari refu la Veikko, yule mzishi, linaloelea juu ya mifuko ya hewa. Supu haikutikisika kabisa, ila kwenye kona lilitulalia upande kama godoro, Mama akang'ang'ania mlango. Tuliporudi akamwambia Urho, "Hili nitalipanda siku nitakayokuwa siwezi kulalamika." Urho alicheka hadi akakaa kwenye nyasi.

La mwisho ni kigari cha Urho mwenyewe, chenye springi za chuma kilichojiviringa kama konokono, kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake bila kumsumbua mwenzake. Mashimo tuliyasikia, hayakutuumiza, na kwenye kona kilishika njia barabara. Mama akamaliza supu yake, akaniambia nisigeuze, niende mpaka ziwani. Nikaenda. Maili thelathini, Reino, na nilikuwa naimba.

Sasa nikwambie ukweli. Mama hakukataa kuja hata siku moja. Alisema angekuja hata kwa trekta. Aliyekataa ni mimi. Tangu gari nililokuwa nikiendesha liliposerereka kwenye barafu Januari likapinduka, sikushika usukani tena hadi Jumatatu hiyo. Niliona haya kukiri, nikaisingizia nyonga yake. Nilipomweleza pale ziwani, nikilia, akanishika mkono.

"Najua, Aili. Unadhani Urho alijileta mwenyewe? Nilimwita mimi."

Nisamehe, ndugu yangu. Urho ametuazima kigari, na Ijumaa mchana tutapiga honi mlangoni kwenu, mimi nikiwa nyuma ya usukani. Nibusie Solveig, nisalimie wazazi wake, na uwaambie wapiga kodiani wasichoke mapema: Mama amenunua viatu vyekundu vya kuchezea dansi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Aili