R Niliyokuchorea, Mama

Mama,

Kitabu kimetoka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekatiza salamu zote uniulize hilo kwanza. Kina karatasi nzito ya rangi ya maziwa, na kimeshonwa kwa uzi katikati, maana ningekibandika gundi ungenicheka, wewe fundi cherehani. Ndani mna sombe yako, kisamvu cha kwetu, maharagwe yako, na usipa uliowapika kama ndagala wa Uvira huku ukilalamika kwamba samaki wa Malawi hawajui kukaangwa. Nilikishika mkononi nisisikie furaha yoyote. Nilidhani siku hiyo nitalia au nitacheka. Nikaenda kulala bila kula.

Unakumbuka nilipopata nafasi ya kusomea usanifu wa vitabu Lilongwe? Nilikueleza kwamba nitajifunza maumbo ya herufi, jinsi ya kuzipanga ukurasa usomeke. Ukaacha kukanyaga cherehani, ukanitazama. "We unaenda kusomea A? A si ulishaijua ku shule ya primaire?" Soko zima la kambi ya Dzaleka likapata habari kwamba binti yako anasomea A. Kila likizo wateja wako waliniuliza kama nimeshafika B. Siku hizi hawaulizi. Wananipa pole na kuinamisha macho, na mimi ningetoa chochote mmoja wao anitanie.

Kitabu tulikianza pamoja jikoni, simu yangu ikikurekodi. Mwalimu wangu, Mmalawi mpole asiyejua Kiswahili, alitaka kila pishi liwe na vipimo. Nikakuuliza mawese ni vijiko vingapi. "Unaweka kidogo, unangoya mpaka roho itakuambia." Nimeyaacha maneno yako hivyohivyo. Kompyuta ilipiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno lako, nikauzima. Wakati huo ulikuwa mzima. Ukafa nikiwa kwenye ukurasa wa maharagwe.

Nilipofika kutoka Lilongwe ulikuwa umeshafunikwa shuka, na seremala ameshamaliza msalaba. Nilitazama msalaba kwa sababu sikuweza kutazama shuka. LIZIKI. Rangi nyeusi, herufi zimenyooka, ya kwanza ni L. Seremala hakukosea chochote, alinakili kadi yako ya kambi.

Mimi nilikuwepo siku ile L ilipoandikwa. Tulikuwa tumeshuka kwenye lori kutoka Kongo, Baba tumemwacha kaburini Uvira, na wewe una mimba ya mdogo wangu Chisomo. Karani wa kambi, aliyeandikisha watu wa mgao wa unga, akakuuliza jina. Ukasema Riziki. Akaandika alivyosikia, kwa sikio la Kichewa, ambalo huisikia R ya mwanzo kama L. Nilikuvuta kitenge nikuonyeshe. "Muache tu. Ile L haitatunyima bunga." Wewe, Mama, uliyejigamba kwa jina lako! Uliyetuambia kwamba Baba alikuposa mara mbili ukamjibu riziki haivutwi kwa kamba!

Basi baada ya kukuzika nilibaki na kazi moja tu duniani, kukurudishia R yako. Sikutaka ya kompyuta. Niliichora kwa mkono chumbani kwangu Likuni, pembeni ya Lilongwe, nikaichora kwenye minibasi, nikaichora hata nyuma ya kibali changu cha kutoka kambini. Tumbo lake la duara, mguu umetangulia mbele kama wako juu ya pedali. Wenzangu darasani waliisifu. Sikuwaambia kwamba nikiacha kuchora nakuona chini ya shuka. Mzee mmoja mchapaji wa Old Town ndiye aliyelitoa jalada. Jina lako limelijaza lote, jekundu. Nilipotoka kwake nikanunua kopo dogo la rangi nyeusi na brashi, kwa ajili ya msalaba.

Nikaja nayo siku ya kumaliza kilio. Nakala ya kwanza nilimpa Chisomo. Anakaa kwa Tantine Faida, jirani yetu, na hajambo, anakula. Ulituita jina moja kwa lugha mbili, mimi Neema kwa Kiswahili, yeye Chisomo kwa Kichewa kwa sababu alizaliwa hapa. Akasoma jalada kwa kidole.

"Riziki njo nani?"

Nikamwambia ni mama. Akatikisa kichwa. "Mama jina yake ni Liziki." Alinisahihisha kwa upole, kama mtu anavyomsahihisha mgeni. Nikamweleza habari za karani. Akasema wewe mwenyewe ndiye uliyemshika mkono ukamfundisha kuliandika, na lilianza na L. Nikamgeukia Tantine Faida, Mkongo mwenzetu wa Bukavu, nikijua yeye atanisaidia. Akatazama pembeni. "Sisi bote tulikuwa tunamuita Mama Liziki. Na yeye alikuwa anaitika."

Makaburini nilifungua kopo hata hivyo. Kichwa changu ni kigumu, unakijua. Nikachovya brashi, na Chisomo akaushika mkono wangu, mimi dada yake, kwa mikono yake yote miwili. "Yaya, usimufute mama." Alilia mpaka akakaa chini kwenye udongo. Nikalifunika kopo. Watu wa kwaya walianza wimbo ili tusitazamane.

Tuliporudi nilijifungia jikoni kwako, nikasikiliza rekodi yetu ya kwanza, pale unapojitambulisha kabla ya sombe. Unasema, mi Mama, unataja jina, nitafundisha sombe. Nimerudia, nimerudia, simu ikazima, nikaichaji, nikarudia. Ulimi wako unapita katikati. Mara nasikia R, mara nasikia L. Mimi niliyesomea herufi, Mama, siwezi kusema ulijiitaje. Kitabuni niliandika R, ile niliyokuja nayo kutoka Uvira.

Kumbe nilipokuwa Lilongwe palikuwa na mwanamke hapa aliyeitwa Liziki, aliyetaniana na wateja kwa Kichewa, aliyeshika mkono wa mtoto wake juu ya daftari. Mimi nilikuwa namtembelea likizo, namwita Mama, nala chakula chake, naondoka. Nililia msiba wa mtu mmoja. Sasa nimefiwa na wawili, na huyu wa pili sikumjua, na hakuna tena pa kwenda kumjulia. Inauma kuliko siku ya msalaba. Sikujua kwamba kuna kinachoweza kuuma kuliko siku ile.

Pumzika, Mama. Sina nguvu ya ahadi kubwa, nakupa hii ndogo. Msalaba sitaugusa. Likizo ijayo nitakaa na Chisomo hapa jikoni, nitaweka simu kati yetu, nimwombe anisimulie habari za Liziki, tangu mwanzo, polepole, kama mtu ambaye sijawahi kukutana naye.

Binti yako,
Neema